Viza ya safari fupi Ujerumani: maswali kutoka Tukuyu, Njombe, Makambako na Iringa

Barua za safari za Ulaya huja kwa mafungu. Fungu la safari hii limetoka zaidi Rungwe na Njombe, na karibu lote linahusu Ujerumani: kwaya zilizoalikwa na sharika rafiki, wakulima wa parachichi wanaoyatolea macho maonyesho ya Berlin, na akina bibi wanaokwenda kubeba wajukuu. Viza inayozungumzwa ni ile ya Schengen ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 ndani ya siku 180. Schengen ni mpango wa nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza hiyo moja. Mtanzania anaiomba na kuipata kabla ya kupanda ndege. Usitegemee kupewa uwanjani.

Shikamoo mhariri. Kwaya yetu ya watu 14 imealikwa na usharika rafiki huko Ujerumani, na tunatarajia kuondoka tarehe 20 Juni. Wengine wanasema tuombe viza mwezi Mei kwa sababu majibu hutoka ndani ya siku 15. Je, mmoja wetu anaweza kupeleka pasipoti zote Dar es Salaam tukaokoa nauli?
*Katibu wa kwaya, Tukuyu*

Marahaba, katibu. Hilo la mtu mmoja halitawezekana. Kila mwombaji mwenye umri wa miaka 12 na kuendelea huchukuliwa alama za vidole, na vidole havitumwi kwa basi. Anayeweza kusamehewa ni yule aliyewahi kutoa alama hizo kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita. Kwa hiyo hesabuni nauli ya watu 14, na kila mmoja awe na fomu yake, bima yake na ada yake.

Siku 15 ni za kawaida, si za ahadi. Zinahesabiwa tangu ombi lililokamilika lipokelewe, na ubalozi ukitaka kuchunguza zaidi unaweza kuzifikisha 45. Rudini nyuma kutoka 20 Juni: siku 45 zinawafikisha 6 Mei. Ongezeni muda wa kungoja miadi, ambayo huadimika watu wengi wanapowahi kiangazi cha Ulaya, na wiki moja ya kurekebisha karatasi iliyokosewa. Sisi tungekuwa mlangoni kwa ubalozi katikati ya Aprili. Kisheria mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, yaani tangu 20 Desemba, na mwisho kabisa ni siku 15 kabla. Anayeomba siku hiyo ya mwisho anacheza bahati nasibu na tiketi yake.

Anzeni na pasipoti. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Kisha kagueni majina. Kwenye kwaya ya watu 14 hamkosi wawili au watatu ambao cheti cha kuzaliwa kina jina la ubatizo, kitambulisho cha NIDA kina jina la ukoo lenye herufi iliyoongezeka, na barua ya mwajiri ina jina la mtaani. Jina linaloongoza ni lile la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi: bima, nafasi ya ndege na barua ya mwaliko vyote vilifuate. Palipo na tofauti isiyofutika, ambatisheni hati ya kiapo cha majina iliyoapwa mbele ya wakili.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Hairudishwi viza ikikataliwa. Lakini kuna msamaha ambao kwaya nyingi hazijui kama upo: mwenye umri wa miaka 25 au pungufu anayewakilisha taasisi isiyo ya kibiashara, akienda kwenye semina, michezo au shughuli ya utamaduni iliyoandaliwa na taasisi ya aina hiyo, hatozwi ada. Kama mna vijana wa umri huo, barua ya mwaliko iseme wazi kwamba mwandaaji ni usharika, shughuli ni ya kiutamaduni na hakuna malipo. Hilo la malipo lina faida nyingine pia: kuimba kwa ujira ni kazi, na kazi ina utaratibu wake.

Barua yenyewe iwe na tarehe za kufika na kuondoka, orodha ya majina yenu yote na namba za pasipoti, mahali mtakapolala kila usiku, na nani analipia nini. “Tunawakaribisha ndugu zetu katika Kristo” ni sentensi nzuri ya kusomwa kanisani, ila ofisa wa viza haimsaidii kitu.

Kuhusu safari ya Dar: ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, katikati ya jiji, na mabasi yetu yanaishia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Lori moja likilala mlimani Kitonga, mtafika usiku wa manane. Msiweke miadi siku ya kufika wala asubuhi yake. Laleni usiku mmoja wa ziada. Mkiwa kaunta, ulizeni kama pasipoti zinaweza kuchukuliwa na mtu mmoja mwenye barua ya idhini, maana hapo ndipo mnapoweza kuokoa nauli ya watu 13.

Kamwene. Nalima parachichi ekari sita hapa Njombe. Nataka kwenda Berlin kwenye maonyesho ya Fruit Logistica mwezi Februari. Fedha zangu huingia msimu wa mavuno tu, miezi mingine akaunti iko kavu. Rafiki ananishauri niazime milioni kumi niziweke benki wiki moja kabla ya kuomba. Ni sawa?
*Mkulima, Njombe*

Kamwene, mkulima. Si sawa, na tungependa ushauri huo ufe kabisa. Ofisa hatazami salio la siku ya mwisho peke yake. Anatazama mwendo wa fedha: zinatoka wapi, zinaingia lini, zinatumika vipi. Akaunti iliyokuwa na laki mbili miezi mitano mfululizo, halafu ikapokea milioni kumi siku ya Jumatatu, inamwambia jambo moja tu, kwamba fedha si zako. Kutoka hapo hata karatasi zako za kweli zinaanza kutiliwa shaka. Bora akaunti ya milioni nne inayoeleweka.

Kwa mtu wa mshahara, stetimenti ya benki ya miezi mitatu hadi sita inatosha kwa sababu kila mwezi unafanana na mwingine. Kwako haitoshi. Miezi mitatu inaweza kuangukia kipindi cha kupalilia na kupulizia dawa, wakati fedha zinatoka tu. Peleka ya miezi 12, yenye muhuri wa benki, ili msimu wa mavuno uonekane mzima, na ikiwezekana miwili. Kama wanunuzi wanakulipa kwa simu, omba taarifa ya miamala ya simu kwa kipindi hichohicho.

Tatizo kubwa la wakulima wetu ni fedha taslimu. Mnunuzi anakuja na gari hadi shambani, anapima, anahesabu noti, anaondoka. Fedha hizo zipo, lakini hazina mdomo wa kujitetea. Kuanzia msimu huu dai stakabadhi ya kila mzigo yenye kilo, bei, tarehe na jina la mnunuzi, halafu zipeleke fedha benki siku ileile au kesho yake, ili kiasi cha kwenye stakabadhi kikutane na kiasi cha kwenye stetimenti. Ukiuza kupitia chama cha ushirika, AMCOS wakuandikie barua yenye kilo ulizopeleka na malipo uliyopata. Ukiuza ng'ombe au kiwanja kwa ajili ya safari, usifiche: ambatisha mkataba wa mauzo, na fedha iliyoingia ghafla inakuwa imejieleza.

Upande wa pili wa ombi lako ni kurudi. Hapa mkulima ana nguvu kuliko anavyodhani, kwa kuwa miti haihami. Weka hati miliki au hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba, namba ya mlipakodi, leseni kama una biashara, mkataba wa kuuza mavuno yajayo kama upo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hati za kimila na barua za kijiji zimeandikwa kwa Kiswahili; tafuta mfasiri anayetambulika azigeuze Kiingereza au Kijerumani, na peleka zote mbili, tafsiri na asilia.

Juu ya yote hayo weka barua ya maelezo ya ukurasa mmoja. Nani wewe, una ekari ngapi, unauza kwa nani, unakwenda maonyesho tarehe ngapi, utalala wapi, safari itagharimu kiasi gani kwa kugawanya ndege, malazi, chakula na usafiri wa ndani, na fedha hizo ziko ukurasa gani wa stetimenti. Ofisa ana dakika chache kwa kila faili, na barua hii inamwonyesha pa kufungua.

Tiketi ya kuingia maonyesho inunuliwe mapema na ichapishwe. Tiketi ya ndege usiilipie. Nafasi iliyoshikiliwa, ya kwenda na kurudi, inatosha hadi viza itoke. Kwa safari ya Februari unaruhusiwa kuomba kuanzia Agosti, na tunakusihi usingoje Januari.

Binti yangu ameolewa Ujerumani na amejifungua. Anataka nikakae naye miezi mitatu, Julai hadi Septemba, kisha nirudi tena baadaye. Sina akaunti ya benki. Ni yeye atakayelipa kila kitu. Nina presha.
*Mama, Makambako*

Hongera kwa mjukuu, mama. Tuanze na tarehe. Kutoka 1 Julai hadi 30 Septemba ni siku 92, na ruhusa ni siku 90. Siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa, hata ukitua saa tano na nusu usiku. Kata tiketi ya kurudi tarehe 28 Septemba au mapema zaidi. Watu wazima wenye akili zao wamewahi kuitwa wakaaji haramu kwa sababu ya kuhesabu miezi badala ya siku.

Kuhusu fedha, mwambie binti yako aende ofisi ya wageni ya mji anakoishi, Ausländerbehörde, akaandikishe hati ya dhamana iitwayo Verpflichtungserklärung. Anaonyesha kipato chake, analipa euro 29, na anabeba jukumu la gharama zako zote, pamoja na matibabu na hata kukurudisha nyumbani. Hati hiyo halisi, si picha ya WhatsApp, lazima ikufikie kwa posta au kwa mtu, na itumike ndani ya miezi sita tangu itiwe saini. Ukiwa nayo hutaulizwa stetimenti ya benki. Utakachoulizwa ni uhusiano wenu, kwa hiyo beba cheti chake cha kuzaliwa chenye jina lako, cheti chake cha ndoa na nakala ya kibali chake cha ukaaji. Utaulizwa pia nini kitakurudisha Makambako: nyumba, shamba, mume, wajukuu unaowalea hapa. Yaandike, usiyaache yajieleze.

Hati hiyo haiondoi bima. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na iguse matibabu ya dharura, kulazwa, kusafirishwa kurudi nyumbani na kifo. Ifunike kila siku utakayokuwa huko. Kwa umri mkubwa bei hupanda. Na isome kuhusu presha: bima nyingi hulipia dharura na kuacha matibabu ya ugonjwa uliokuwa ukijulikana. Chukua dawa za safari nzima kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la dawa yenyewe, si la kibiashara tu.

Kuhusu kurudi tena, hesabu hufanywa kwa kutazama nyuma siku 180 kila siku unayokuwa huko. Tuseme badala ya Julai umeingia 10 Mei na kutoka 8 Julai. Hizo ni siku 60. Ukitaka kuingia tena 1 Oktoba, dirisha la siku 180 linarudi hadi 5 Aprili, na siku zako zote 60 zimo ndani yake. Zinabaki 30, yaani mwisho wako ni 30 Oktoba. Hilo linawezekana kama viza yako bado hai na inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja; kama sivyo, unaomba nyingine. Binti yako atapata kikokotoo cha siku hizi kwenye tovuti ya Tume ya Ulaya, na kinapunguza ubishi wa kifamilia.

Viza yangu imeandikwa 03-07 hadi 01-08, siku 15, na 01. Nakaa mpaka Agosti mosi au vipi? Nataka pia kupita Zürich kwa treni na London siku mbili.
*Mwalimu, Iringa*

Hapa ndipo wengi hujikwaa, mwalimu, hivyo tuisome stika pamoja. Ile ya Kijerumani ina VOM, yaani kuanzia, na BIS, yaani mpaka. Hizo ni tarehe za mlango kuwa wazi. Muda wa kukaa ni ule wenye neno TAGE, siku: wewe una 15. Dirisha limeachwa refu kwa siku 15 za ziada ili ndege ikiahirishwa usipoteze viza, si ili ukae zaidi. Ukiingia 3 Julai, siku yako ya mwisho ni 17 Julai. Ukiingia 10 Julai, ni 24 Julai. Ukiingia 25 Julai hupati 15 tena, kwa sababu mlango unafungwa 1 Agosti, unapata nane.

Zürich nenda. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, hivyo kuvuka mpaka huo si kuingia upya. London ni habari nyingine: Uingereza ina viza yake, yenye maombi na ada zake. Hata ungekuwa nayo, ile 01 inamaanisha kuingia mara moja. Ukishapanda ndege ya London umetoka Schengen na kurudi hakuna. Anayetaka mzunguko huo aombe kuingia mara mbili au zaidi tangu mwanzo na aeleze sababu. Ireland nayo iko nje ya Schengen.

Usidhani pia kuwa hakuna anayehesabu. Tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza, hatua kwa hatua, mfumo wa kielektroniki wa kuingia na kutoka unaochukua nafasi ya mihuri ya wino. Mpakani unapigwa picha ya uso, alama za vidole zinalinganishwa na zile za viza, na kompyuta inajua siku zako kuliko wewe. Ukaguzi huo hufanyika uwanja wa kwanza wa Schengen unaotua, hata kama tiketi yako inaendelea hadi Frankfurt au Munich. Mwaliko, bima, tiketi ya kurudi na anwani ya mwenyeji viwe mkononi, si kwenye sanduku lililokwenda na mizigo.

Nimenyimwa viza. Kisanduku kilichowekwa alama kinasema hawana uhakika kama nitarudi. Nikate rufaa au niombe upya? Na je, ningoje miezi sita?
*Kijana, Vwawa*

Huhitaji kungoja. Unaweza kuomba upya hata wiki ijayo, lakini ukipeleka karatasi zilezile utapata kisanduku kilekile na utakuwa umelipa ada mara mbili. Jiulize ni nini kipya unacho. Kijana asiye na mke, mtoto, ajira wala historia ya safari hatapewa imani kwa barua ya mwaliko tupu, hata iwe nzuri namna gani. Barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo na tarehe ya kurudi kazini, usajili wa biashara wenye mwaka mmoja au zaidi, au masomo yanayoendelea, hivyo ndivyo vinavyobadilisha faili.

Zamani ungeweza kuuandikia ubalozi wa Ujerumani wayatazame upya maamuzi yao. Njia hiyo ilifutwa duniani kote tangu 1 Julai 2025. Iliyobaki ni kufungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin, ambayo kwa safari ya wiki mbili tunaona ni gharama kuliko safari yenyewe. Na usijaribu ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen ukidhani hawajui: kukataliwa kwako kumo kwenye mfumo wanaoutazama wote. Tena ombi hupelekwa kwa nchi utakakokaa zaidi, si kwa ile inayosifiwa kijiweni kuwa ina mkono mwepesi.

Mtoto wangu wa miaka tisa anasafiri na shangazi yake. Nini kinahitajika? *(Mbeya mjini)*

Cheti cha kuzaliwa, na idhini ya maandishi iliyosainiwa na wazazi wote wawili mbele ya wakili, ikimtaja shangazi kwa jina na namba ya pasipoti. Mzazi mmoja akiwa amefariki, cheti cha kifo. Akiwa hana ulezi, hati ya mahakama.

Mimi ni mtumishi wa umma. Barua ya likizo inatosha? *(Mafinga)*

Hapana, tafuta pia kibali cha kusafiri nje ya nchi kupitia kwa mwajiri wako. Kianze kabla ya miadi ya ubalozi, kwa maana hupita meza nyingi.

Tunataka kuwapelekea wenyeji wetu zawadi za nyumbani: parachichi, ndizi, asali, nyama ya kukausha, chai na ulanzi (pombe ya mianzi) kidogo. Vitapita?
*Mjumbe wa kwaya, Tukuyu*

Ndizi zitapita. Zimo kwenye orodha fupi ya matunda yasiyodai cheti cha afya ya mimea kuingia Umoja wa Ulaya, pamoja na nanasi, nazi, tende na duriani. Parachichi halimo, hivyo bila cheti hicho litaishia kwenye pipa la forodha, na huo ni msiba kwa mtu wa Rungwe. Asali mwisho kilo mbili kwa mtu. Nyama na maziwa, vya kukausha au vibichi, haviruhusiwi kabisa. Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa ni zawadi salama, ilimradi thamani ya zawadi zote isizidi euro 430 kwa anayeingia kwa ndege. Ulanzi uacheni Iringa: unaendelea kuchacha ndani ya chupa, na utawapasukia kwenye sanduku lenye sare za kwaya.